Sawa ya Shangazi

Mlango ulijifunga nyuma yake, na safari hii si upepo ulioufunga.

Msomaji ambaye gazeti lake la wiki iliyopita liliazimwa na jirani na halijarudi mpaka leo, tumshike mkono twende naye. Karani wa ghala la dawa, yule ambaye wenzake walimbatiza jina la Mkato, aliingia chumba cha baridi Ijumaa jioni kukagua maboksi ya dawa za sindano za kisukari. Kibandiko kimoja kilikuwa kimekaa upande. Akakikwangua kwa ukucha. Chini ya tarehe mpya ikatokea tarehe ya zamani, ya dawa iliyokwisha muda wake kitambo. Ndipo komeo likalia.

Mkato aliukimbilia mlango. Kitasa cha ndani hakikuwepo, palikuwa na tundu tu. Kiling'oka tangu mwanzo wa mwaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeripoti.

Akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlangoni. Upande wa pili, ofisini, alisimama Msimamizi wa ghala, miwani puani, tabasamu mdomoni. Ndiye huyo huyo ambaye juzi alimwambia Mkato asihangaike na mambo ya vibandiko, asimwambie mtu, amwachie yeye. Mkato akamwachia. Mwenye kuamini hachungulii.

"Fungua," alisema.

Mlango ule ni mnene, lakini mpira wa kingo zake umechakaa, na sauti hupita pale kama ya mtu aliyejifunika mto. Msimamizi alimsikia vizuri. Alivuta kiti, akakaa, akainua mkono kumwonyesha alichoshika.

Ilikuwa simu ya Mkato.

Aliiacha mezani ikila chaji. Na usiulize aliifungua vipi. Katika ghala lile kila mtu anaijua namba ya siri ya mwenzake, maana simu ndizo zinazopiga picha maboksi, na anayekuwa karibu ndiye anayepiga. Walikuwa wanajisifu kwamba wao ni ndugu.

"Lori linakuja kuchukua mzigo," Msimamizi alisema. "Likishaondoka, mimi nakwenda nyumbani. Ghala linafunguliwa Jumatatu."

Mkato alimwambia kwamba mama yake ataulizia. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitaka, akaanza kuandika.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu huyu binti, hata kama tunampenda. Mkato hakuwahi kuandika neno zima tangu aliponunua simu yake ya kwanza. Kwake "sawa" ilikuwa "sw", "niko" ilikuwa "nko", na "nakupenda" ilibaki konsonanti tupu, sawa na samaki aliyeliwa akaachwa mifupa. Mama yake alipolalamika kwamba hata salamu anakatiwa, Mkato alimjibu "pl mm", na mama akakaa muda akijiuliza anapewa pole au anaambiwa polepole.

Kazini ndiyo usiseme. Yeye ndiye aliyebuni utaratibu wa grupu la ghala. Ukifika unaandika NF, ukiondoka unaandika NT, basi. Kitabu cha kusaini getini kikaondolewa. Mlinzi akiona NT yako hakutafuti tena, hata viatu vyako vikibaki mlangoni. Uongozi ulimpigia makofi mkutanoni, na Msimamizi ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Msimamizi alimaliza kuandika, akaja kuibandika simu kwenye kioo. Katika grupu la kazini, kwa jina la Mkato, zilikuwepo herufi zake mbili: NT. Chini yake vidole gumba vilikuwa vimeshaanza kupanga foleni. Kimoja cha vidole hivyo kilikuwa cha mlinzi wa getini.

Kwa hiyo Mkato alikuwa ameshaondoka ghalani. Dunia nzima ilijua hivyo isipokuwa yeye.

Alipiga mlango kwa ngumi, akapiga kwa kiatu. Msimamizi alimwachia apige. Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma juu ya paa, na getini ni mbali.

Kisha simu ikalia kidogo mkononi mwa Msimamizi. Mama anauliza kama mwanawe amefika. Msimamizi alipekua meseji za nyuma, akasoma mbili tatu, akatikisa kichwa kwa furaha ya fundi aliyekuta kazi rahisi. Akaandika, akaonyesha.

"nmfk mm. nko pw."

Mkato aliyatazama maneno yale. Yalikuwa yake kabisa. Angeapishwa angesema kayaandika yeye. Mama naye, ambaye huandika maneno mazima na nukta mwishoni, alijibu: "Sawa mwanangu. Lala salama."

Ndipo baridi ilipomwingia. Kwanza ilikuwa nje ya nguo, sasa ikawa ndani ya mifupa. Alikuwa na blauzi nyepesi tu, koti la kuingilia humo kaliacha kwenye msumari kwa sababu alisema anaingia mara moja. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Kuna mchumba wako," Msimamizi alisema. "Tusimsahau."

Mchumba wa Mkato ni dereva wa lori, kijana mcheshi, mabega mapana, anayempenda mpaka mama mkwe anaona wivu. Alikuwa safarini na shehena ya saruji, kurudi Jumapili. Kila jioni lazima apige. Mkato akajipa moyo, kwamba huyu hatosheki na vijiherufi. Huyu atataka sauti.

Msimamizi akaandika kwamba amechoka, analala, waongee kesho. Jibu lilikuja kabla hajashusha simu.

"k"

Herufi moja. Mkato aliitazama kwenye kioo mpaka ikamchezacheza machoni. Mtu anayetaka kumwoa alikuwa ametosheka. Akamtetea kimoyomoyo, kwamba yuko kwenye usukani, barabara ni mbaya, giza linakaribia. Mtu akipenda hakosi wakili.

"Watu wako wana imani sana," Msimamizi alimwambia. "Ukiandika maneno mazima, mtu ana namna yake ya kuongea, huwezi kumwiga. Lakini hivi? Hivi hata mimi ni wewe."

Mkato akamkumbusha kwamba Jumatatu atakutwa, na watu watauliza.

"Watauliza, na nitalia kuliko wote. Kitasa kibovu, karani kaingia peke yake, mlango ukajifunga. Ajali."

"Niliripoti kitasa. Na huo mpira. Nimekuandikia mara ngapi?"

"Umeniandikia 'ktsa mbv'. Nikakujibu 'sw'. Mwambie hakimu akusomee hapo."

Wala hakucheka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Mkato kuliko yote. Aliondoka kioo kikabaki kitupu, magurudumu ya toroli yakasikika yakipita. Alikuwa anatoa maboksi ya chumba cha pili kuyasogeza karibu na mlango wa kupakilia.

Mkato alizunguka chumba akijipiga mikono mabegani. Alivuta rafu, haikuvutika. Alitia vidole kwenye tundu la kitasa, chuma kikamuuma kwa baridi. Alipasua boksi moja akajifunika karatasi lake kifuani, na hilo likasaidia kidogo. Alilia kidogo pia. Kilichomliza si kifo tu. Ni kule kufikiri kwamba amewaaga watu wake wote, kwa mkono wa mwingine, na hakuna aliyeona tofauti.

Hapo, mezani, simu yake ikaita tena. Hii ilikuwa sauti aliyoijua, sauti ya ujumbe wa Shangazi.

Shangazi huyu ni dada wa marehemu baba yake, muuza viatu vya mtumba sokoni, na ndiye aliyemlea Mkato tangu hajaota meno ya pili. Macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Kiatu cha kushoto na cha kulia anavijua kwa vidole, lakini herufi za simu hazioni. Kwa hiyo hutuma sauti. Na sauti zake, Mungu atusamehe, zina mwanzo, katikati, mahubiri na maombi. Binamu zake Mkato huzisikiliza huku wakifua nguo, na nguo hukauka kwanza.

Mkato peke yake humjibu. Na humjibu kwa sauti, kwa kirefu, maana nyumbani kwa Shangazi huwezi kufikia jambo lako kabla hujauliza miguu yake, biashara yake, paka wake, na yule jirani anayemchukia. Mbahili wa maneno kwa dunia nzima, kwa Shangazi alikuwa anamwaga.

Msimamizi alirudi akaubonyeza ujumbe ule. Sauti ikajaa ofisini na kupenya kwenye mpira uliochakaa. Shangazi alianza na viatu, akapita kwa paka, akamsema jirani, kisha akauliza mbona leo mwanawe hajamwambia kitu tangu asubuhi. Msimamizi alichoka katikati. Akaandika "nko sw shngz", akatuma.

Alipotuma tu, Mkato akainua kichwa.

Haikupita muda Shangazi akarudi hewani, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"We mtoto, umeniletea nini hiki? Nasikia simu imelia, nashika, hakuna mtu anayeongea. Unaniandikia mimi? Toka lini? Unajua macho yangu yalivyo. Nataka sauti yako. Nisipoisikia nakuja huko huko kazini kwenu, na unajua nikija nakujaje."

Mkato alijua anakujaje. Mwaka juzi walimcheleweshea Mkato likizo, Shangazi akaja na kapu lake la viatu akaketi mlangoni kwa mkurugenzi, akauza jozi tatu kabla hawajaitoa likizo hiyo.

Msimamizi alivua miwani akaifuta. Hapa maandishi yasingemsaidia.

Kisha akaja karibu na mlango. Alizungumza taratibu. Atafungua kidogo, kiasi cha mkono. Mkato ataongea, yeye atarekodi, na atasikiliza kwanza kabla ya kutuma. Akipiga kelele, ujumbe hautumwi, na swichi ya baridi iliyo ukutani huko ofisini itashushwa mpaka mwisho. Akiongea vizuri, swichi itapandishwa, na huenda Jumatatu akakutwa yu hai, na wakazungumza kama watu wazima.

"Unanipa muda gani nifikirie?"

"Usifikirie. Andika kama unavyoandika siku zote, ila kwa mdomo. Kwa ufupi."

Kwa ufupi. Neno hilo likamwingia Mkato likakaa.

Alikumbuka siku baba yake alipofariki. Alikuwa binti wa shule, simu ya hospitali mkononi, na kilichomtoka kilikuwa maneno mawili: Shangazi, njoo. Hakusalimu wala hakuuliza miguu. Shangazi aliacha meza yake ya viatu wazi sokoni, akaja pekupeku, muuza viatu yule. Tangu siku hiyo ana msemo wake: kwangu mimi, neno fupi ni msiba.

Komeo likalia. Mlango ukaachia ufa, na hewa ya vuguvugu ya ofisi ikampiga usoni mpaka akataka kulia. Bega la Msimamizi lilikuwa limeugandamiza mlango, na guu lake limezuia chini. Mkono wenye simu ukaingia kwenye ufa. Mkato aliupima ufa ule kwa macho. Usingempitisha hata paka wa Shangazi.

Akaituliza sauti.

"Shangazi, nipo salama. Tutaonana Jumatatu."

Basi. Hakuongeza hata pumzi.

Mlango ukarudi mahali pake. Msimamizi aliisikiliza rekodi mara ya kwanza, akairudia. Alitafuta kilio akakosa, akatafuta mtetemo wa sauti akakosa. Alichokisikia ni Mkato yule yule anayemjua yeye, wa maneno machache. Akatuma.

Mkato alisimama kwenye kioo, paji la uso limegusa ubaridi wake. Mwenye duka akingoja mteja wa kwanza wa siku hakodoi macho vile. Alama mbili zikaonekana kwenye simu, Shangazi amepokea. Kisha kimya. Shangazi, ambaye akisikia sauti yako huanza kujibu kabla hujamaliza, alikuwa kimya.

Hatimaye simu ikalia. Msimamizi akabonyeza huku ameshajitayarisha kwa hotuba, mkono umeshika kiuno.

"Sawa," ilisema sauti ya Shangazi.

Halafu ikaisha.

Msimamizi akacheka. Alimwambia Mkato kwamba sasa hata bibi kizee kajifunza mtindo wake, kwamba angempa zawadi kama angeweza. Akaipandisha swichi ya baridi kidogo, akisema yeye ni mtu wa ahadi, akarudi kwenye toroli lake akipiga mluzi.

Mkato aliupa mlango mgongo ili uso wake usionekane. Miaka yote hiyo hajawahi kusikia sentensi ya Shangazi yenye neno moja. Mwanamke yule amesikia, ameelewa, na amefunga mdomo wake ili asimshtue mtu. Sasa hivi ameshaacha meza ya viatu. Sasa hivi anatafuta mtu wa kumleta. Mkato alijiona kama amekwishatoka, akaanza hata kupanga atamwambia nini kwanza, kuhusu miguu au kuhusu paka.

Tumwachie afurahi kidogo. Si kwa muda mrefu.

Mluzi ulikatika. Kwenye mfuko wa shati la Msimamizi simu nyingine ilikuwa inatetema, simu yake mwenyewe. Aliisoma amesimama. Alikunja uso. Akaisoma tena, na uso ukakunjuka polepole, akaja mpaka kwenye kioo na kubisha hodi kwa ukucha, kwa adabu.

"Na wewe ni mwerevu," alisema. "Sikukudhania. Njoo usome, wewe ndiye bingwa wa kusoma haya."

Akaibandika simu kwenye kioo.

Kabla ya maneno, Mkato aliona picha. Katika kile kiduara kidogo cha mwenye namba, kulikuwa na uso wake yeye mwenyewe, anacheka, ameegemea bega pana. Ni picha waliyopiga siku ya kuvishwa pete. Hakuna mwingine duniani aliyeiweka picha ile kwenye namba yake.

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe.

"nko njn na lori nakuja kuchkua mzg. bi mkubwa kanipgia, ansema mwanae ana shda kzni, nimlete. nmempkia, nko nae hp mbele. nfnyj?"

Mkato, aliyekuwa anasoma herufi hizo kwa kasi kuliko mtu yeyote ghalani, alizisoma moja moja. Hakukuwa na saruji. Hakukuwa na safari. Lori la mzigo lilikuwa la mchumba wake, na ile "k" haikuwa ya mtu aliyeko kwenye usukani wa mbali. Ilikuwa ya mtu aliyeshajua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hii ilikuwa nguo ya harusi.



Msimamizi aliijibu ile meseji mbele ya macho yake, kwa kidole kimoja, bila haraka.

"k. mlt." Yaani mlete.

Jibu lilikuja kwa sauti. Dereva alikuwa amebonyeza kurekodi bila kusema kitu, amsikilizishe tu bosi wake mambo yalivyo garini. Injini ilikuwa inaunguruma, na juu ya injini, ikipenya kwenye ule mpira mbovu ambao hakuna aliyeutengeneza, ilikuja sauti ya Shangazi, ndefu, tulivu, yenye mwanzo na katikati.

"Mungu akubariki baba, umeacha safari yako kwa ajili yetu. Na miguu yako je, haijavimba kwa kukaa? Mama yako hajambo? Na ule mgongo wake? Mwambie nimemwekea viatu, vya ngozi, laini. Wewe ni mwanangu, nilijua nikikuita utakuja..."

Mkato aliteleza chini, mgongo ukikwangua mlango, akakaa sakafuni. Shangazi hampi salamu ndefu mtu asiyemwamini. Na Mkato ndiye aliyemwita Shangazi, kwa maneno machache, na sasa hakuwa na njia ya kumwambia hata neno moja la kumrudisha.

Nje, getini, honi ililia mara mbili, fupi fupi. Ni ile ile ambayo mchumba wake humpigia kila Jumamosi, anapokuja kumchukua.